Sanpogiri hatua kwa hatua: kata ya upanga ya maadui watatu

Katika iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga na kukata, adui haonekani. Akiwa mmoja haina shida kubwa: yuko mbele yako, unachomoa, unamkata, yamekwisha. Wakiwa watatu, kila mmoja anadai mahali pake, urefu wake na wakati wake. Ukimsahau mmoja kwa nukta moja tu, mwalimu aliyekaa pembeni anajua ni yupi.

Kata ni mfululizo wa vitendo uliopangwa. Mwongozo huu unahusu Sanpogiri, kata ya saba katika kata 12 za Zen Nippon Kendo Renmei, yaani Shirikisho la Kendo la Japani. Shirikisho lilitoa kata 7 za mwanzo mwaka 1969, likaongeza 3 mwaka 1980 na 2 za mwisho mwaka 2000, ili watu wa shule tofauti za upanga wawe na kata za pamoja za mazoezi na mitihani. San ni tatu, po ni upande, giri ni kukata. Tumeichagua kwa sababu vitendo vyake ni vichache, makato matatu tu, lakini ndani yake mna karibu kila ugumu unaopatikana katika kata za maadui wengi.

Kabla ya kuianza, uwe unaweza kufanya Mae (kata ya 1) na Uke Nagashi (kata ya 3) bila kujiuliza mguu gani unafuata, na uwe unarudisha upanga alani bila kuuangalia. Kama bado, subiri miezi michache. Anayeruka hatua hiyo huishia kujifunza vitu viwili kwa pamoja, na vyote viwili hujifunza vibaya.

Maneno tutakayotumia

Ala ni saya. Mpini ni tsuka, na kitako cha mpini ni tsuka-gashira. Kikingio cha duara kati ya mpini na makali ni tsuba. Upanga wa Kijapani huvaliwa upande wa kushoto, makali yakitazama juu, kwa hiyo tukisema "mgongo wa upanga" tunasema upande usiokata, ambao upanga ukiwa kiunoni unatazama chini. Monouchi ni sehemu inayofanya kazi ya kukata, iliyo karibu sentimita 10 kutoka nchani. Furikaburi ni kuupandisha upanga juu ya kichwa. Uke nagashi, mbali na kuwa jina la kata ya tatu, ni namna ya kuupandisha upanga huku ukijikinga: mpini uko juu, ncha imeshuka upande wa kushoto nyuma ya bega, pigo la adui likija linateleza chini kama maji ya mvua kwenye paa la makuti. Paa halishindani na mvua, limeinama tu. Ukiikumbuka pembe hiyo umeelewa nusu ya kata.

Maadui wenyewe tuwaite kwa mahali walipo: Mbele, Kulia na Kushoto.

Vifaa na mahali

Wiki za mwanzo tumia bokuto, upanga wa mbao. Wa kawaida una urefu wa sentimita 101 hivi. Ukiagiza kwa fundi seremala, mpe mbao iliyonyooka nyuzi toka mwanzo hadi mwisho, maana nyuzi zikikata mshazari ndipo utakapopasuka. Mpingo unapendeza machoni lakini uache: ni mti mzito hata unazama majini, na mkono mmoja hauwezi kuusimamisha kidevuni, na kata hii inaanza na pigo la mkono mmoja. Uwe na ala ya plastiki ya bokuto ikiwezekana. Bila ala, shika bokuto kwa mkono wa kushoto penye mkanda kana kwamba vidole ndiyo mdomo wa ala.

Baadaye utahamia iaito, upanga wa mazoezi wa aloi usio na makali. Urefu wake hupimwa kwa shaku, na shaku 1 ni sentimita 30.3. Mtu wa sentimita 170 mara nyingi huanza na shaku 2.4 au 2.45, yaani sentimita 73 au 74 za wembe bila mpini. Iaito haina makali lakini ncha yake inatoboa, wala haikutengenezwa kugonganishwa na kitu. Kabla ya kila zoezi kagua mekugi, kile kijiti cha mwanzi kinachopita katika mpini na kuushika wembe. Kikilegea, kimepinda au kimeanza kuchanika, usifanye zoezi siku hiyo. Kata hii ina mgeuko wa nyuzi 180 upanga ukiwa hewani, na mpini ukiachia wakati huo wembe unaruka usikojua. Upanga wenye makali ya kweli ni habari ya baadaye, na anayeamua ni mwalimu wako.

Mahali pawe na nafasi ya mita 5 kwa 5 kwa mtu mmoja, na dari ndefu kuliko ncha ya upanga ukiwa umeinuliwa. Watu wengi husahau feni. Miguu iwe mitupu. Saruji yenye chengachenga huchubua ngozi chini ya vidole unapogeuka, na vigae vyenye jasho huteleza. Mbao ndiyo bora, na pasipo mbao, fagia saruji vizuri na uanze taratibu.

Chora ramani sakafuni

Hatua hii huonekana ya kitoto, ndiyo maana wengi huiruka, na ndiyo maana wengi hukata hewa. Chukua chaki. Chora msalaba mkubwa: mstari mmoja toka unapoanzia hadi mbele, mwingine unaoukata kutoka kulia hadi kushoto, mahali utakapofikia kwa hatua ya pili. Weka alama ya X mita 2 kulia mwa makutano, nyingine mita 2 kushoto, nyingine mita 2 mbele. Hao ndio maadui wako. Kama kuna ukuta nyuma ya alama yoyote, bandika kipande cha utepe ukutani kwa urefu wa kidevu chako, maana adui wa kufikirika tunamchukulia kuwa wa kimo chako. Ukuta uwe mbali kiasi cha ncha kutoufikia kamwe.

Mita 2 ni makadirio. Ukiisha jifunza hatua, simama katika mkao wa mwisho wa kato la kwanza na umwombe mtu atazame: monouchi iwe juu ya X. Ikiwa ni ncha pekee inayofika, sogeza X karibu. Ikiwa kikingio ndicho kilichofika, umemkumbatia adui.

Kwa nini kwa mpangilio huu

Maadui watatu wamekuzunguka mbele, kulia na kushoto. Unatembea kuelekea kwa Mbele, na yeye anaamini ndiye utakayeanza naye. Unamtia shinikizo hadi anasita. Katika kusita huko unamkata Kulia, ambaye hakutarajia. Kushoto sasa yuko nyuma ya mgongo wako na tayari anakuja, kwa hiyo unageuka ukiwa umejikinga, pigo lake linateleza, unamkata. Mbele ameamka na anashambulia, unapokea tena na kumkata.

Kuanza kulia kuna sababu ya kimwili pia. Upanga uko kiuno cha kushoto na unachomolewa kwa mkono wa kulia. Mwili ukigeuka kulia, nyonga ya kushoto na ala zinabaki nyuma na wembe unapata njia ya kutoka.

Yote haya yanasimama juu ya kusita kwa Mbele. Asiposita, kata nzima haina maana: ungemgeuzia ubavu mtu mwenye upanga aliye hatua moja mbele yako. Kasoro nyingi utakazozisoma huko chini zinatokana na hapo, hata zile zinazoonekana kuwa za miguu.

Hatua zenyewe

Maelezo ya miguu hutofautiana kidogo kati ya dojo (ukumbi wa mazoezi) na dojo. Mwalimu wako akisema vingine, mfuate yeye.

*Kwanza, mwendo.* Simama wima, mabega chini, macho yakitazama mbali kama unayeangalia mlima ulio nyuma ya Mbele. Kwa Kijapani mtazamo huu huitwa enzan no metsuke. Jicho likikaa hivi linawaona wote watatu bila kugeuka. Anza kwa mguu wa kulia, nyayo zikiburura sakafu kwa wepesi. Mguu wa kushoto unapotua, mikono yote miwili inafika kwenye upanga. Gumba la kushoto linasukuma kikingio mpaka ile kola ya shaba iliyo chini ya wembe iachie mdomo wa ala, kiasi cha sentimita 2 au 3. Gumba likae pembeni kidogo mwa mstari wa makali. Likikaa juu ya mstari wenyewe, siku utakapotumia upanga wa kweli litakatika.

Hapa ndipo pa kumkandamiza Mbele. Si kwa kukunja uso. Kiuno kinasonga mbele kidogo kuliko kifua, pumzi imeshuka tumboni, mpini umeelekezwa katikati ya mwili wake. Aone kwamba hatua inayofuata ni yake.

*Pili, Kulia.* Kichwa kinageuka kulia kwanza, kisha kiuno, kisha mguu. Kisigino cha kushoto kinyanyuke unene wa karatasi, uzunguke juu ya sehemu ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na mguu wa kulia upige hatua kuelekea X ya kulia. Wakati huohuo upanga unatoka makali yakiwa juu. Mpini unapanda kuelekea paji la uso wako, si kuelekea pembeni. Mkono wa kushoto unavuta ala nyuma kadiri wa kulia unavyochomoa, kwa nguvu sawasawa. Ncha ikiachia ala, upanga unashuka wima juu ya utosi wa Kulia na kusimama kidevuni mwake.

Tuangalie kusimama huko kwa karibu. Mkono wa kulia umenyooka lakini kiwiko hakijafungwa. Ngumi iko chini kidogo ya bega. Ncha iko juu kidogo kuliko ngumi. Kidole cha mwisho na cha pete ndivyo vinavyofunga mpini, na vinafunga mwishoni kabisa, kama mtu anayekamua kitambaa. Gumba na kidole cha shahada vinaongoza tu. Ala iko nyuma, mkono wa kushoto umebana penye mkanda. Ukishuka hadi kifuani umejimaliza, kwa sababu safari ya kurudi juu inakuwa ndefu na Kushoto hakungoji.

*Tatu, Kushoto.* Kichwa tena kwanza, juu ya bega la kushoto. Ukiwa umemwona ndipo mpini unapanda mbele ya uso hadi juu ya paji, upande wa kulia kidogo, ncha ikishuka kushoto nyuma ya bega. Mwili umefunikwa. Zunguka nyuzi 180 juu ya unyayo wa kulia; ukimaliza, mguu wa kushoto ndio ulio mbele na vidole vyake vinamtazama Kushoto. Mkono wa kushoto unaushika mpini ukiwa juu ya kichwa, na bila kusimama upanga unashuka moja kwa moja kupitia utosi wake hadi usawa wa kiuno chako, umelala sawa na sakafu.

Neno "bila kusimama" ndilo la kuhangaikia. Wanafunzi hukinga, wanatulia, halafu wanakata: vitendo viwili. Kinga na kupandisha ni kitendo kimoja kinachotiririka hadi kwenye kato. Ukishindwa, taja silabi moja ndefu kwa sauti toka kichwa kinapogeuka mpaka upanga unaposimama. Sauti ikikatika, na upanga umekatika hapohapo.

*Nne, Mbele.* Kichwa kinarudi kulia nyuzi 90. Mpini unapanda tena kwa namna ileile ya uke nagashi. Mguu wa kushoto ndio mhimili. Wa kulia unapiga hatua kuelekea X ya mbele na upanga unashuka wima. Hili ndilo kato lenye uzito kuliko yote matatu, maana huyu ndiye aliyekuwa na muda wa kujiandaa. Ukiwa umetumia nguvu zako zote kwa wawili wa mwanzo, itaonekana hapa.

*Tano, zanshin, kubaki macho baada ya kukata.* Rudisha mguu wa kulia nyuma huku upanga ukipanda hadi jodan: ngumi ya kushoto iko juu ya paji la uso, mguu wa kushoto mbele, ncha imeelekea nyuma na juu kwa nyuzi 45 hivi. Vuta pumzi moja kamili. Maadui watatu wako chini na wewe hujaamini. Usizungushe kichwa kuwakagua. Ule mtazamo wa mlima unawaona.

*Sita, chiburi, kukung'uta damu.* Mguu wa kushoto unarudi nyuma. Mkono wa kushoto unaachia mpini na kukaa kiunoni penye mkanda, na wa kulia unaushusha upanga kwa mshazari kwenda chini kulia. Ngumi na ncha zifike pamoja. Ngumi ikitangulia, upanga unaning'inia kama mwiko.

*Saba, kurudisha alani.* Mkono wa kushoto unafunika mdomo wa ala. Mgongo wa upanga, karibu na kikingio, unawekwa juu ya mdomo huo, unavutwa kwenda kulia mbele mpaka ncha idondoke ndani, kisha ala na upanga vinafuatana. Mwendo wa kwanza uwe mwepesi, wa mwisho wa polepole. Mguu wa nyuma unakuja kando ya wa mbele, mkono wa kulia unaachia mpini, unarudi ulikoanzia kwa mguu wa kushoto.

Hesabu pembe: 90 kulia, 180 kushoto, 90 kulia. Ukimaliza unatazama pale ulipoanza kutazama. Usipotazama hapo, kuna mgeuko mmoja uliopungua.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Kosa la kwanza kwa wingi ni macho kufuata upanga. Mwanafunzi anachomoa kuelekea kulia halafu ndipo anatazama, kwa hiyo kato la kwanza linakwenda mahali ambapo hapana mtu. Dawa yake ni kufanya kata nzima kwa kichwa na miguu tu, mikono ikiwa kiunoni, mara 10, kabla ya kugusa upanga.

La pili ni kutozunguka hadi mwisho. Mgeuko wa 180 huishia 150. Mara nyingi lawama hupewa kiuno, lakini tazama mguu wa mhimili: kisigino kimelala sakafuni. Kisigino kikilala, unyayo unabaki umetazama kulia huku paja likivutwa kushoto, na goti lililo katikati ndilo linalolipa. Maumivu ya ndani ya goti baada ya zoezi la Sanpogiri ni dalili ya hili; punguza mazoezi na urekebishe kisigino kabla ya kitu kingine.

La tatu, ncha kulegea nyuma. Ncha hushuka kwa makusudi wakati wa kinga, kushoto nyuma ya bega. Lakini mkono wa kushoto ukishashika mpini na upanga ukiwa juu ya kichwa tayari kukata, ncha haipaswi kuwa chini ya usawa wa mpini. Hizi ni nyakati mbili tofauti, na wengi huzichanganya: ama wanaunyanyua upanga bila kinga, au wanaacha ncha iwapige makalio. Wa pili hujulikana kwa sauti.

Ala isiyovutwa ni kosa jingine. Mkono wa kulia ukifanya kazi peke yake, wembe hukwaruza ndani ya ala, na ncha hutoka ikiwa imechelewa. Kwa upanga wa kweli madhara ni makubwa zaidi: wembe ukilalia upande wa mkono wa kushoto unaweza kupasua ala ya mbao na kukata kiganja kilichoishika. Sikiliza. Chomoa mara 20 polepole kwenye chumba kimya. Kila ukisikia mkwaruzo, simama, tazama mkono wa kushoto uko wapi.

Halafu kuna haraka. Kwa kuwa maadui ni watatu, mtu hudhani lazima akimbie. Kato la kwanza linakuwa fupi, la pili halifiki chini, la tatu linayumba. Kasi katika kata hii huja kati ya makato, kwenye kichwa na kiuno, wala si ndani ya kato lenyewe. Ukitaka kuifanya iwe ya haraka zaidi, geuza kichwa mapema zaidi.

Na wapo wanaokata vizuri wote watatu, miguu safi, upanga umenyooka, na bado kata inaonekana imekufa. Tazama ile hatua ya pili, mguu wa kushoto unapotua. Karibu kila mara utakuta mtu anatembea tu, akisubiri kufika mahali pa kugeukia. Mbele hajakandamizwa, hajasita, anaweza kumkata wakati wowote. Mwambie mtu asimame kweli kwenye X ya mbele, mikono mitupu, na aseme "bado" kila anapohisi kwamba hujamtazama yeye. Bado, bado, bado. Inaudhi, lakini inafundisha.

Mpango wa wiki sita

Mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, inatosha. Wiki ya kwanza na ya pili usiguse upanga isipokuwa mwishoni: miguu na kichwa juu ya chaki mara 20, kisha bokuto mara 5 kwa polepole kabisa. Wiki ya tatu fanya vipande. Kato la kwanza peke yake mara 15. Mgeuko na kato la pili mara 15, ukianzia kwenye mkao wa kato la kwanza. Vivyo hivyo la tatu. Usiunganishe bado. Wiki ya nne unganisha kwa bokuto, mara 10 kwa siku, na baada ya kila mara simama ulipo na utazame miguu yako dhidi ya chaki kabla ya kurudi. Wiki ya tano, kama mwalimu ameridhika, chukua iaito, mara 5 tu, kwa sababu uzito mpya utakurudisha nyuma na uchovu hufundisha mkono vibaya. Wiki ya sita mara 10 za iaito, huku 3 za mwisho ukizifanya kana kwamba uko mtihani: toka salamu ya mwanzo hadi ya mwisho.

Pangusa iaito kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Jasho la vidole likibaki kwenye wembe usiku mmoja katika hewa ya chumvi ya pwani, huacha alama.

Ukiwa na wenzako watatu

Wasimame juu ya zile X wakiwa mikono mitupu, na wewe uwe mikono mitupu pia. Hakuna upanga, wala bokuto, katika zoezi hili. Kila mmoja anapiga makofi mara moja anaposhambulia. Kwanza wafuate mpangilio wa kata: Mbele anasita (hapigi kofi), Kulia, Kushoto, Mbele. Kazi yako ni kuwa umemtazama kabla ya kofi lake. Kisha wabadilishe nafasi za muda: Kushoto achelewe mara moja, awahi mara nyingine. Akiwahi utagundua mara moja kwa nini kinga inaanza kichwa kinapogeuka na si baadaye.

Kwa bokuto, mkitaka kuona umbali, adui awe mmoja kwa wakati, asimame hatua nzima nyuma ya X, na kato lifanywe kwa mwendo wa mtu anayetembea ndani ya maji. Watu wengine wenye mapanga wakae mita 3 au zaidi.

Kata jirani

Tsuka Ate (ya 4) ina maadui wawili, mbele na nyuma, nawe umekaa goti moja likiwa juu: unampiga wa mbele kwenye chembe ya moyo kwa kitako cha mpini, upanga ungali alani, unageuka kumchoma wa nyuma, unarudi kumkata wa mbele. Ni mwalimu mzuri wa kuvuta ala, maana hapo ndiyo inayofanya wembe utoke. Ganmen Ate (ya 8) ina wazo hilohilo ukiwa umesimama, pigo likienda katikati ya macho. Morote Zuki (ya 6) ina watatu, lakini wote kwenye mstari mmoja, mbele na nyuma, hivyo mgeuko wake ni rahisi kupimwa kwa chaki. Asiyeweza mgeuko wa Sanpogiri arudi huko.

Sougiri (ya 11) ni maadui wengi upande mmoja, unawakata ukisonga mbele. Miyamoto Musashi, aliyefariki mwaka 1645, aliandika katika Gorin no Sho kwamba mtu mmoja akikabiliwa na wengi awafukuze wote upande mmoja, wajipange kama samaki kwenye mtungo, ndipo awapige. Sougiri inaanza pale ambapo mtungo umeshapatikana. Sanpogiri ni kabla ya hapo, samaki wangali wametawanyika.

Baada ya miezi miwili au mitatu jaribu Shihogiri (ya 10). Maadui ni wanne na wako mshazari, kwenye pembe za chumba na si kwenye kuta. Futa msalaba wako wa chaki uchore X moja kubwa. Wa kwanza, mbele kulia, hakatwi hata kidogo mwanzoni: unampiga ngumi ya mkono wa kulia kwa ubapa wa mpini asiweze kuchomoa, kisha unamwacha hai na kumgeukia wa nyuma kushoto kwa kumchoma. Yule wa kwanza atarejewa mara tu baada ya hapo. Ukifika hapo ukakuta unamsahau, rudi kwenye hatua ya pili ya Sanpogiri, pale mguu wa kushoto unapotua.